Vumbi la Vidole Vitatu

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa kijana wa miaka ishirini mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia zote za msikiti wa Kibuli, nilipomcheka mzee mmoja kisogoni kwa sababu ya vumbi la mbao. Kicheko chenyewe hakikumaliza hata dakika. Hasira yake ninayo hadi leo, na leo, mjukuu wangu ninayekuita mwanangu, utaipata yote, maana umeichokoza mwenyewe.

Wiki iliyopita ulinitoa nyumbani. Unanijua mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kiti cha barazani, na hata hiyo huwa napumzika njiani. Lakini ulisema umenunua meza ya ruta, mashine ya kisu kinachozunguka ya kuchongea milango ya kabati, nije niione. Nikavaa viatu, jambo nisilolifanya bure, nikapanda bodaboda mpaka kwako Wandegeya nikiwa nimefumba macho. Ukaiwasha mashine. Nami nikachota vumbi la mbao kwa vidole vitatu, nikaliangusha mbele ya kisu kinachozunguka, nikaangalia linakorukia. Kumbe wewe ulikuwa umetoa simu unanichukua video. Ukawapelekea wenzako na maneno haya: "Mzee anaifanyia mashine dawa." Dada yako ndiye aliyenionyesha. Nilivaa miwani nikasoma vicheko vyote, kimoja baada ya kingine.

Dawa. Mwanangu, ungesema nimechanganyikiwa ningekubali, mke wangu husema hivyo kila siku na chakula ananipa. Lakini neno hilo mimi ndiye niliyelitoa kinywani kabla baba yako hajaota meno, na lilibakiza hatua chache kumwingiza mtu kwenye buti ya gari. Basi kaa chini usome barua hii. Na hiyo simu izime.

Karakana yetu ilikuwa chini ya kilima cha Nsambya, upande wa reli. Baba yangu alikuwa polisi, tukiishi kwenye nyumba za polisi hapo juu, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na cheti ambacho nilikikunja kwa ustadi ili watu waone mstari wa Fizikia tu. Mwenye karakana, Mhindi mmoja mpole, alikuwa ameondoka na wenzake kwa amri ya serikali iliyowafukuza Wahindi, sanduku moja mkononi. Mashine zote akaziacha. Karakana akapewa Kapteni wa jeshi ambaye hakujua tofauti ya randa na pasi. Jina lake silitaji. Wakati ule hatukulitaja kwa woga, siku hizi silitaji kwa kinyaa.

Aliyeijua kazi hasa alikuwa mmoja, Mzee Kasereka, Mkongo wa upande wa Beni, wakati ule nchi yao ikiitwa Zaire. Alikuwa mfupi, mkimya, vidole vyake vyote kumi vikiwa mahali pake. Kwa fundi wa mbao aliyezeeka kazini, mwanangu, hicho ni cheti kikubwa kuliko changu. Mimi sikukisoma.

Ruta yetu usiifananishe na hicho kimeza chako. Lilikuwa jitu la chuma limesimama sakafuni, mota tumboni, kisu kimechomoza juu ya meza kama jino la mbwa. Kapteni alikuwa amepewa pia nyumba ya watu huko juu mjini, na mkewe alitaka makabati mapya ya jikoni. Milango kumi na miwili, ya mvule. Mlango wa kabati unaujua: fremu ya miti minne, na paneli katikati. Ruta ndiyo huchimba mfereji kwenye fremu, na ndiyo hupunguza kingo za paneli ili zikae mferejini. Mzee alianza kila paneli kwa vichwa vyake, zile kingo zinazokata nyuzi za mbao, akamalizia na mbavu, zile zinazofuata nyuzi. Gundi aliipaka pembe za fremu tu, paneli haikupata hata tone. Kwa nini, hakusema. Nami nilimwiga kama kasuku. Ilinichukua miaka mingi, na milango mingi iliyonipasukia mikononi, kujua kwamba kichwa cha ubao humeguka kisu kinapotoka, na ubavu ukija nyuma yake hufuta lile kovu. Na kwamba mvua zikianza ubao hunenepa kama bwana harusi, ukiufunga kwa gundi utapasua fremu, nyumba yake.

Sasa sikiliza la vumbi. Kila asubuhi, kabla ya mtu kugusa ubao, Mzee Kasereka aliiwasha ruta tupu. Akachota vumbi kwa vidole vitatu, akaliangusha mbele ya kisu, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Enda pokea mugeni." Vumbi likaruka kulia. Akaitikia kwa kichwa, akavaa aproni, kazi ikaanza.

Mimi nilikuwa na hakika kwamba ninaona uganga. Wakongo walikuwa na sifa hiyo mjini, sifa waliyopewa na watu kama mimi ambao Kongo hatujawahi kufika. Miaka miwili nilisimama kando ya mzee yule kila asubuhi, na sikuwahi kumuuliza, "Mzee, unafanya nini?" Nilikuwa nimesoma Fizikia, nimuulize nini mganga? Akili nyingi huondoa maarifa, na mimi sikuwa hata na hizo nyingi.

Ila mdomo nilikuwa nao. Nilikuwa mtani wa karakana, na dereva wa Kapteni, koplo mmoja mnene, alipenda kuja kucheka na mimi akimsubiri bosi wake. Siku moja alimwona mzee na vumbi lake akaniuliza.

"Huyu anafanya nini kwa mashine?"

"Anailisha, bwana. Bila dawa ya Kikongo haiamki. Ukimkosea, inakula mtu."

Koplo akacheka mpaka mkanda ukalalamika. Nami nikafurahi, maana mtani hufurahi akichekwa hata na fisi. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Methali hiyo nilikuwa naijua. Ningeiandika kwenye mtihani nikapata alama.

Basi siku moja Kapteni akaja na amri. Meza yake ya ofisi aliitaka karibu na mlango mkubwa, apate hewa na aone gari lake. Mahali hapo palikuwa na ruta. Ruta iende nyuma. Mzee Kasereka akasema taratibu kwamba mashine ile ina nyaya zake, ikihamishwa ni lazima aitwe fundi umeme.

"Nani hapa anajua umeme?" Kapteni akauliza.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijauuliza. Mzee akasema, "Afande, tuite fundi." Kapteni akamjibu, "Fundi ya nini, na huyu kijana nasoma?" Nikajiona nimepandishwa cheo.

Tukaisukuma ruta wanaume sita, jioni ikaisha. Nikaunganisha nyaya mwenyewe. Mota ile ilikuwa ya waya tatu, na mota ya waya tatu ina tabia moja ambayo mwalimu wangu alitueleza siku niliyokuwa nimelala: ukibadilisha mahali waya mbili tu, inazunguka kinyume. Nilizifunga kwa kubahatisha rangi. Nikabonyeza swichi, ikanguruma, nikasema tayari. Ikishakolea mwendo, mwanangu, jicho la binadamu haliwezi kuona kisu kinazungukia upande gani. Kinaonekana kama moshi umesimama.

Asubuhi yake niliwahi. Mzee alikuwa uani anachagua mbao, na mimi nilitaka siku moja, siku moja tu, mashine ianze bila dawa, nimwonyeshe kwamba mvule hukatwa kwa umeme na si kwa maombi. Kapteni alikuwa kwenye meza yake mpya anakunywa chai ya sukari, wakati sisi raia sukari tulikuwa tunaiota usingizini. Nikaiwasha ruta. Vumbi sikuangusha. Nikachukua paneli nikaisukuma kutoka kulia kwenda kushoto, kama siku zote.

Ubao unapoenda kushoto, kisu kinapaswa kuja kulia, wakutane uso kwa uso. Hapo kisu hula kidogo kidogo na mkono wako ndio unaotawala. Siku ile kisu kilikuwa kinaelekea kushoto, njia moja na ubao. Hakikuula. Kiliupiga kwa mgongo wake, kikaunyakua mikononi mwangu kama mwizi wa sokoni, na paneli ya mvule ikavuka karakana nzima ikapiga kiti cha Kapteni. Mgongo wa kiti ukapasuka vipande viwili.

Kapteni hakuwamo kitini. Dakika ile ile alikuwa amesimama kumfokea koplo kwa ajili ya matope ya gari. Kama si matope yale nisingekuwa hapa na huzuni ya kuchekwa na wewe.

Mtu akakimbia kuizima mashine. Kapteni akakitazama kiti, akajitazama kifua, akauliza polepole, "Nani alitaka kuua mimi?"

Mzee Kasereka alikuwa ameingia mbio kwa kishindo kile. Koplo, jasho linamtoka, akamnyooshea kidole. "Afande, huyu mzee. Kila asubuhi nawekea mashine dawa. Kijana huyu alisema, ukikosea yeye, mashine nakula mtu."

Maneno yangu, mwanangu. Yalikuwa yamevaa sare.

"Wewe mzee ya Zaire," Kapteni akasema, "unaweka nini kwa mashine yangu?"

"Vumbi, afande."

"Vumbi ya kaburi?"

"Ya mbao, afande."

"Vumbi ya mbao inajua kuua ofisa?"

Kapteni akamwambia koplo afungue buti. Nyakati zile neno hilo lilitosha. Walioingia kwenye buti za magari, familia zao zilikuwa zikiuliza kituo hadi kituo, halafu zinaacha kuuliza. Mzee Kasereka akavua aproni yake. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya ruta, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Hakuniangalia. Angeniangalia kwa lawama ningepata la kujitetea moyoni. Alinipita kama mtu asiyejua hata kwamba nimekosa.

Ningependa kukuambia kwamba niliruka mara moja. Sikuruka. Nilimhesabia hatua saba. Katika hatua hizo nilifikiri kuhusu mama yangu, ngozi yangu, na jinsi nyumbani kulivyo kuzuri saa kama ile. Hatua ya nane ndipo sauti ikanitoka, nyembamba kama ya mbuzi.

"Afande, ni mimi. Nyaya nilizifunga mimi. Nilizifunga vibaya."

"Wewe si nasoma?"

"Nilisoma, afande. Sikuelewa."

Nikaomba nionyeshe. Nikachota vumbi kwa vidole vitatu. Nikaiwasha ruta, nikaliangusha. Likaruka kushoto, upande wa kile kiti kilichovunjika. Hapo hapo, mwanangu, mbele ya mtu mwenye bastola, ndipo nilipoelewa miaka miwili ya asubuhi. Mgeni ni ubao. Unatokea kulia. Vumbi linatumwa kulia kumpokea, na likienda kushoto, usimkaribishe mgeni. Huo ndio ulikuwa uganga wote wa Kongo.

Nikazima swichi kuu, nikabadilisha waya mbili, nikawasha, nikaangusha vumbi. Likaruka kulia.

Kapteni akasogea. "Rudia." Nikarudia. "Tena." Akainama kabisa, mikono magotini, kama mtoto anayeangalia sisimizi. Akachota vumbi mwenyewe akaliangusha, likaruka kulia, akatabasamu. Mtu aliyekuwa tayari kumpoteza baba wa watu sasa anacheza na vumbi, na roho ya mzee yule imesimama mlangoni inangoja mchezo uishe.

"Na hii maneno ya dawa ilitoka wapi?"

"Kinywani mwangu, afande. Ilikuwa utani."

"Utani," akasema, na kofi likaja pamoja na neno. Sikio langu la kushoto halijarudi kazini tangu siku hiyo. Ndiyo maana mke wangu akitaka kitu hukaa kulia, na akitaka kunisema hukaa kushoto, kwa huruma. Kapteni akafuta mkono kwenye suruali. "Milango ya madamu ikuwe tayari Ijumaa." Akaondoka na gari, buti ikiwa wazi inapigapiga.

Sasa nikuambie kinachoniuma kuliko sikio. Tulisema asante. Mimi na Mzee Kasereka, bega kwa bega, "Asante, afande." Tulimshukuru mtu kwa kutotuua kwa kosa ambalo halikuwa kosa la kuuawa, katika karakana ambayo haikuwa yake, kuhusu mashine ambayo hakuijua. Na tulimaanisha. Nimezeeka na asante ile kooni. Nikikaa barazani watu hudhani nasinzia, kumbe najaribu kuitema.

Mzee akaokota aproni yake. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe." Akafunga kamba za aproni kwanza.

"Miaka mbili umesimama pale na macho," akasema. "Hata siku moja hukuuliza. Ulipata wakati ya kuambia askari, hukupata wakati ya kuuliza mimi."

Nilikuwa nimepigwa, nimeaibika, na bado nilikuwa mimi. Nikasema, "Na wewe mzee, mbona hukuniambia?"

Nilidhani atanichapa upande wa pili. "Hiyo ni kweli," akasema. "Nilikuona unacheka. Nikasema, acha acheke, siku moja mashine itamufundisha. Hiyo ilikuwa ubaya yangu. Mashine haifundishi. Mashine inakata."

Milango kumi na miwili tuliimaliza Ijumaa. Mizuri, kwa bahati mbaya. Jumatatu Mzee Kasereka hakuja. Aproni ilikuwa kwenye msumari. Jirani yake akatuambia alipanda gari la Kasese alfajiri, njia ya Zaire, mpaka kwao, kabla Kapteni hajabadilisha mawazo. Sikumlaumu. Alikuwa anajua kufanya milango ya kabati yenye upinde juu, paneli na fremu zikifuatana mviringo kama kope na jicho, na alikuwa ameniahidi kunifundisha mwaka ule. Mpaka leo sijui kuifanya. Utani wangu wa dakika moja ulivusha elimu nzima mpaka ng'ambo, na hakuna forodha iliyoisimamisha.

Ndiyo hasira yangu, mwanangu. Namkasirikia Kapteni, na sitaacha. Najikasirikia mimi. Na wewe pia nakukasirikia, usijifiche nyuma yao. Utaniambia ruta yako ya kisasa haigeuki kinyume. Huenda ni kweli, mimi wa waya tatu nitajuaje? Lakini hukuniambia hivyo. Ungeniambia tungebishana, ningeshindwa, ningerudi nyumbani nimejifunza. Ulicheka, ukapeleka kicheko kwa watu ambao mimi siwajui na wewe huwajui vizuri. Leo hakuna buti iliyo wazi, tumshukuru Mungu. Ila neno ukishaliachia huwezi kuchagua litavaa sare gani kesho.

Kwa hiyo shika haya. Ukimwona mtu mzima anafanya jambo usilolielewa, hasa analifanya kila siku bila kukosa, muulize kabla hujamwambia jirani. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu, wa kusimama kando ya maarifa miaka miwili nikiyaita dawa. Ukiombwa kazi usiyoijua, uache mkono wako mfukoni hata kama mwenye kuomba ana nyota mabegani. Na ukikosa, sema hatua ya kwanza. Mimi nilisema ya nane, na zile saba bado nazitembea.

Na wazee wenzangu, mnaofundisha kwa kununa, hili ni lenu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Elezeni sababu, hata kama kijana anacheka. Ndiyo maana nimeketi hapa nimekuandikia yote, vichwa kabla ya mbavu, gundi pembeni tu, vumbi kabla ya ubao, na sababu ya kila moja, ili usipate pa kusema mzee alificha.

Jumamosi nitakuja tena Wandegeya. Nitavaa viatu, uone jinsi nilivyokusamehe. Utaiwasha ruta, utachota vumbi wewe mwenyewe, na simu nitaishika mimi.

Mungu akulindie vidole vyote kumi, mwanangu. Milango yako ipite masika bila kupasuka. Mkono wako usilishe kisu, ulimi wako usilishe wenye nguvu. Na kila asubuhi utakapoliangusha vumbi, liruke kulia, likampokee mgeni, na mgeni akukute ukiwa mzima.